Inchi Nne za Mwenyekiti

Injinia hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja katikati ya makadirio, akaisogeza karatasi upande wa pili wa meza.

"Huu mtaa unatoka," alisema. "Umepita kikomo."

Futi aliutazama ule mstari. Huyu ndiye mkadiriaji wa kampuni, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, na jina la Futi alipewa na vibarua kwa sababu futi ya chuma haimtoki mkononi hata akienda kunywa chai. Kazi yake ni kupita mtaa kwa mtaa kabla faiba haijaletwa, apime, aulize, achungulie mifereji, kisha arudi ofisini kusema kufikisha intaneti kwenye nyumba hizi kutagharimu kiasi gani. Mtaa ukizidi laki mbili kwa kila nyumba, tajiri mwenye mradi hautaki tena, anauruka anakwenda mwingine. Hana ugomvi na mtu, ni hesabu tu. Futi ameikata mitaa mingi na akalala usingizi wake mzuri. Lakini huu ni mtaa anaoishi yeye, na mumewe, na watoto wao pacha, na baba mkwe.

"Kinachotuua hapa ni zege," Injinia aliendelea. "Udongo tunachimba kwa majembe. Zege jembamba tunalivunja kwa nyundo. Zege la inchi nne linataka mashine ya kukata, mafuta ya mashine, mtu wa mashine, na tukishafukia bomba tunatakiwa tulirudishe lilivyokuwa. Kupitisha waya kwenye nguzo za umeme nako tumekataliwa. Sasa nani kakwambia ni inchi nne?"

"Mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Yeye ndiye aliyelisimamia."

"Na shimo la majaribio mlitoboa wapi?"

Kila mtaa wenye zege, kabla hujaandika bei, unatoboa kishimo, unaingiza futi, unasoma unene. Ndiyo kawaida ya kazi, na yeye ndiye anayewafundisha wageni. Mtaani kwake hakutoboa.

"Sikutoboa. Nilimuuliza."

"Ulimuuliza."

"Ni baba mkwe wangu, Injinia."

Mchora ramani aliyekaa dirishani alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa. Nawe ukitaka kucheka cheka, ila jiulize kwanza kama ungethubutu. Mzee amekaa sebuleni kwake, unakaa kwenye nyumba yake, umezaa na mwanawe, anakutazama usoni anakwambia "inchi nne kamili, mwanangu, hata ndege ingetua." Halafu wewe uchukue nyundo ukahakikishe! Futi aliandika inchi nne, akamshukuru, akaenda kupakua chakula.

"Mkaguzi wa mradi anapita keshokutwa asubuhi," Injinia alisema. "Toboa mbele yake. Likitoka jembamba, nitaurudisha mtaa wenu. Likitoka inchi nne, basi tena."

"Akija mara nyingine je?"

"Hakuna mara nyingine. Keshokutwa anafunga orodha."

*

"Habari za asubuhi, asante kwa kupiga simu, nikusaidie nini?"

Ilikuwa jioni, na aliyekuwa akisaidiwa ni birika. Baba Pacha, mume wa Futi, alikaa jikoni kwenye kiti chenye mto, nyonga yake mbovu kainyoosha upande, akifanya mazoezi ya sauti. Kiwanda cha uchapaji alichofanyia kazi kilifungwa, na kabla hakijafungwa alikuwa ameshaanguka kwenye ngazi zake. Tangu hapo hakuna aliyemtaka mtu asiyeweza kusimama. Muuza duka amezoea kumwambia mbele za watu, "Hii nitamwandikia mama," naye huitikia kwa kichwa na kuchukua sabuni. Pesa za kunyolea Futi humwachia juu ya kabati asije akaziomba, na wote wawili hujifanya hazipo.

Sasa alikuwa amepata kazi. Kampuni ya bima ilitaka watu wa kupokea simu za wateja wakiwa majumbani kwao. Alifanya usaili, akapita, wakamsifu sauti. Sharti lilikuwa moja tu: intaneti ya waya, si hii ya simu ambayo wingu likitanda nayo inatoweka. Walimpa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Asipokuwa na waya, kiti chake kinapewa anayefuata.

Futi aliweka mkoba chini akamweleza yote akiwa amesimama.

Baba Pacha hakusikia neno "unatoka." Alisikia neno "shimo."

"Kumbe ni kutoboa tu? Si tutoboe! Baba! Baba, hebu njoo mara moja!"

Mzee aliingia kutoka uani, mikono imejaa maji. Mtaa mzima unamwita Zege, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Zamani mvua ikinyesha hapa watu walibeba viatu mkononi. Yeye ndiye aliyeunda kamati, akapita mlango kwa mlango, akachangisha, akawafokea waliochelewa, mpaka barabara yote ikawa nyeupe. Yote, isipokuwa kipande kimoja. Nyumba ya kona anakaa mshona sare za shule, wanamwita Mama Kona. Alikuwa ametoka kumzika mumewe, mchango ukamshinda, na Zege akaamuru fundi auruke mlango wake. Mpaka leo zege linafika ukutani kwake, linakatika kama lililokatwa kwa kisu, pana tope, halafu linaendelea. Wateja wa Mama Kona wanaruka dimbwi wakiwa wameshika sare mpya juu.

"Baba, keshokutwa tunatoboa kishimo kwenye zege," Baba Pacha alisema kwa furaha. "Upana wa sahani tu. Wapime, halafu walizibe."

"Nani anatoboa?"

"Sisi kampuni," Futi alisema. "Ni kawaida ya kazi, Baba. Nilitakiwa nifanye tangu mwanzo."

"Nilikwambia ni ngapi?"

"Inchi nne."

"Sasa unapima nini?"

Futi alitazama miguu yake.

"Mwanangu amekuoa, nimekupa chumba, nimekuita mwanangu," mzee alisema, na sauti ilianza kutetemeka. "Leo unaniita mwongo, tena mbele yake."

"Hakuna aliyekuita mwongo, Baba!" Baba Pacha alijaribu kusimama, nyonga ikamrudisha. "Ni kazi yangu hii! Nimekaa miaka humu ndani kama samani. Unene wa zege una nini na wewe?"

"Zege la watu halitobolewi," mzee alisema, akatoka.

Ukweli wenyewe aliujua yeye na fundi wake. Saruji ilipanda bei katikati ya kazi. Siku chache kabla Zege alikuwa amesimama mbele ya mtaa mzima akijipiga kifua kwamba hatarudi kwao kuomba hata senti. Basi akaona aibu kurudi. Akamwambia fundi, "Nyoosha," na fundi akanyoosha: mchanga ukaongezeka, saruji ikapungua, unene ukashuka mpaka vidole viwili. Hakula pesa ya mtu, na hilo ndilo lililokuwa likimwuma, kwa sababu hata kiatu hakununua. Inchi nne zilikuwepo sehemu moja tu. Kazi ilianzia mlangoni kwake, saruji ikiwa bado tele.

Jikoni, Baba Pacha alishusha sauti.

"Mama Pacha. Andika udongo."

"Nini?"

"Kwenye makadirio. Futa zege, andika udongo. Nani atakuja kuangalia?"

"Vibarua wataangalia. Wanalipwa kwa mita, na bei ya mita ni ile niliyoandika mimi. Nikiandika udongo, watavunja zege kwa pesa ya udongo. Unataka niwaibie watu jasho lao hapa hapa mlangoni kwetu?"

"Nataka kazi!"

"Na mimi nataka uipate, jamani, unafikiri sitaki?" Ndipo Futi alipolia, palepale kwenye karai la vyombo, na mumewe hakujua la kufanya ila kumpokonya sahani aliyokuwa akiisugua.

*

Kesho yake mzee hakuzungumza na mtu. Chakula cha mchana kilipoa. Alitembea mtaani kutoka mwisho hadi mwisho mikono nyuma, akisimama hapa, akikanyaga pale kwa kisigino, na waliomwona walimsalimia, "Zege, unakagua mali yako?" Yeye akacheka kicheko cha kubabaisha.

Alipita na mlangoni kwa Mama Kona. Mama alikuwa kibarazani na cherehani yake.

"Mwenyekiti," alisema bila kuinua macho. "Nasikia faiba haitaki zege. Kumbe mlangoni kwangu ndiko kuzuri."

Zege aliongeza mwendo.

Jioni aliwaita mwanawe na mkwewe sebuleni. "Nimefikiri," alisema. "Siwezi kumfungia mtoto wangu riziki. Toboeni. Lakini mtoboe mlangoni kwangu. Sitaki kuharibu mlango wa mtu mwingine."

Baba Pacha alimshika mkono baba yake kwa mikono yote miwili. "Asante, Baba. Asante sana, Mungu akuweke." Na mzee, huku anajua kabisa anachokifanya, aliuacha mkono wake ushikwe.

*

Mkaguzi alikuja asubuhi, kijana mwenye kofia ya plastiki na haraka zake. Mtaa wote ulitoka. Watu wanapenda kuona kitu kikivunjwa. Muuza duka aliacha duka, wanawake walibeba watoto, na Zege alisimama pembeni amevaa koti na kofia.

Kibarua alichora duara mlangoni kwa mwenyekiti, akaweka patasi, akainua nyundo. Ilidunda. Akapiga tena, ikadunda. Alivua shati. Jasho lilimtoka hadi kiunoni na zege likaachia vijipande kama meno.

"Aa, hili ni zege!" muuza duka alipaza sauti. "Hili halikuchezewa!"

Kwa kazi hii, mshika futi anataja namba kwa sauti na mkaguzi anairudia akiandika, ili asije mtu akasema baadaye hakusikia. Futi alipiga magoti, akaingiza futi shimoni.

"Inchi nne," alisema.

"Inchi nne," mkaguzi alirudia.

Mtaa ulipiga makofi. Wallahi walipiga makofi! Mmoja alianza, "Zege! Zege!" na wengine wakapokea, watoto wakaruka, muuza duka akamkumbatia mzee mpaka koti likapinda. Walikuwa wakishangilia kukatwa kwao wenyewe bila kujua.

"Basi," mkaguzi alisema akifunga daftari. "Mtaa huu unatoka. Poleni, gharama ni kubwa mno."

Makofi yalikufa moja moja.

Baba Pacha alikuwa ameegemea nguzo ya geti. Hakufoka. Rangi ilimtoka usoni, akanyoosha mgongo kadiri nyonga ilivyomruhusu, akamwambia mkaguzi, "Asante sana kwa kutembelea. Siku njema." Ilikuwa ile sauti ya birika, laini, kila neno mahali pake. Kisha akageuka aingie ndani, na kwa sababu alitaka kuingia haraka, mguu ulimsaliti, akashika ukuta.

Mzee aliiona ile. Moyo ulimpasuka. Hakuna neno jingine la kulisema.

"Ngoja!" aliita. "Wewe mkaguzi, ngoja."

"Mzee, nina mitaa mingine."

"Ngoja nakwambia! Hapo ni kwangu. Hapo ndipo tulipoanzia." Aliinama, akaichukua nyundo kwa kibarua, na kibarua kwa mshangao akamwachia. "Njooni huku."

Alikwenda mpaka mbele ya duka, watu wakimfuata. Futi alimkimbilia. "Baba, acha," alimnong'oneza. "Acha tu, tutapata njia nyingine."

"Njia gani? Ipo?"

Haikuwepo, naye alijua.

Mzee aliinua nyundo bila patasi. Pigo la kwanza lilipasua. La pili lilitumbukia, na kichwa cha nyundo kikazama udongoni kikatoka na mchanga. Kibarua alipanua shimo kwa mkono, akitoa vipande na kuvipanga pembeni, vyepesi.

Futi alipiga magoti tena. Aliisoma namba, akafungua mdomo, sauti haikutoka.

"Kwa sauti, dada," mkaguzi alisema.

Alijaribu tena. Alimwona baba mkwe wake amesimama juu yake na machozi yamemjaa, akashindwa.

Mzee aliinama taratibu, akaweka mkono begani kwake ili asianguke, akasoma mwenyewe.

"Inchi moja na nusu."

"Inchi moja na nusu," mkaguzi alirudia.

Walitoboa jingine mbele zaidi, na jingine mwisho wa mtaa. Namba haikubadilika, na kila mara mzee ndiye aliyeitaja.

"Mwenyekiti," muuza duka alisema. Alikuwa amechukua kipande kimoja, anakivunja kwa vidole kama mkate mkavu. "Sisi tulilipia inchi nne. Nyingine ziko wapi?"

"Saruji ilipanda."

"Si ungetuambia?"

"Ningewaambiaje? Nilishajisifu."

"Kwa hiyo pesa umekula!" sauti ilitoka nyuma.

"Sikula! Haki ya Mungu sikula, nendeni mkamuulize fundi!" Lakini hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yanavyofanana na ya kila aliyekula. Mtu alitema mate chini. Mwanamke mmoja, aliyeuza kitanda chake kulipa mchango na kila mtu alijua, aliingia ndani akabamiza mlango.

Mama Kona alikuwa amekuja mpaka ukingoni, pale zege linapokatika.

"Na mlangoni kwangu, Mwenyekiti?" aliuliza polepole. "Mlangoni kwangu pana inchi ngapi?"

Mzee alivua kofia.

"Hakuna kitu, mama."

"Sema kwa sauti, wasije wakasema hawakusikia."

"Hakuna kitu!" mzee alisema kwa sauti, mtaa mzima ukasikia.

Mama Kona akarudi kwenye cherehani yake, na wateja wake wakaruka dimbwi kumfuata.

*

Injinia alipiga simu mchana. Kwa zege jembamba gharama ilikuwa imeshuka chini ya kikomo, mtaa umerudi, vibarua wanaanza mwezi huohuo. "Hongera," alisema. Futi aliitikia kwa sauti ya chini maana mzee alikuwa chumba cha pili.

Baba Pacha aliingia chumbani, akafunga mlango, akajifunika uso kwa mto acheke. Hakutaka baba yake asikie furaha yake. Alicheka na kulia kwa pamoja, halafu akajifuta na kutoka akiwa na uso wa msiba.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, mzee alikuja jikoni. Hakuwa amevaa kofia wala koti. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya Futi.

"Mkwe. Kazi yako ni kukadiria, si ndiyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Nikadirie. Kuongeza zege mtaa mzima mpaka lifike nilichowaambia. Na mlango wa Mama Kona tangu chini. Usimbakize."

"Baba, pumzika kwanza. Watu wana hasira, zitapoa."

"Nikadirie."

Futi alichukua kalamu. Urefu wa mtaa aliujua kwa moyo, upana aliujua. Aliandika saruji, akaandika mchanga, maji, fundi na vibarua wake, vifaa vya kukodi. Baba Pacha alisimama mlangoni, mkono kwenye nyonga, akitazama tarakimu zikishuka. Futi alijumlisha. Aliitazama jumla, akamtazama mzee, mikono yake iliyokauka ikiwa imelala mapajani, akaizungushia duara.

"Hii hapa, Baba. Si kubwa sana. Baba Pacha akianza kazi, kidogo kidogo..."

Mzee aliivuta karatasi, akaisogeza mbali na macho yake, akaisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Alifika chini, akarudi juu, akashuka tena.

"Umesahau kokoto," alisema.

Katika kazi yake yote Futi hakuwahi kusahau kokoto.

"Mwanangu," mzee alisema, na sauti ilikuwa imechoka, haina ukali wowote. "Kokoto. Andika."

Futi alimtazama mumewe mlangoni. Baba Pacha, ambaye hajapokea hata simu ya kwanza, aliziba macho kwa kiganja, akaitikia kwa kichwa. Futi akaandika kokoto, akajumlisha upya.